Jinsi Neno "Poa" Lilivyoingia Kwenye Dansi

Hapo kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa bado na bendi zao na kumbi zao, kulikuwa na bendi ya jazi iliyoongozwa na Faru Makwaia. Faru alipuliza tarumbeta. Nyati alipiga ngoma. Na pembeni, juu ya kreti la soda ili naye aonekane, alisimama Pimbi Tunu, mjane mwenye watoto watatu, akipuliza saksafoni.

Faru alijua sifa moja tu ya muziki: moto. Wimbo usiowatoa watu jasho aliuona umelala. Pimbi naye, kwa udogo wake, hakuwa na pumzi nyingi, na sauti yake ilimezwa na ngoma za Nyati, pu! pu! pu! Siku moja Faru akamwambia kwamba Jumamosi, kwenye dansi la mchana, asiposikika hadi mlangoni, atafute kazi nyingine. Pimbi akarudi nyumbani, akawaangalia wanawe wakila, yeye hakula.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Pimbi akamwendea Faru kwa adabu, akamwomba atangulie yeye na Nyati, ili ajifunze moto wenyewe ulivyo. Faru akafurahi. Wakapiga wimbo wa kwanza, paaa! pu! pu! Pimbi akawapigia makofi, akauliza kama upo wa moto zaidi. Upo. Wakaupiga. Akauliza tena. Nyati alitaka kupumzika, lakini Faru hakukubali ionekane kwamba moto wake una mwisho.

Kufika wimbo wa tisa, Nyati alikuwa ameilalia ngoma yake, hoi, na Faru ameegemea ukuta akihema. Wachezaji nao walikuwa wamekaa chini, wanajipepea.

Ndipo Pimbi alipoanza, taratibu, kama mama anayembembeleza mtoto. Hakukuwa na kelele za kumfunika, kwa hiyo kila sauti ilisikika hadi nje. Bi Kobe, ambaye kwa miaka hakuwa amecheza kwa sababu nyimbo zilimpita mbio, akainuka. Akaburuta mguu mmoja, akaburuta wa pili. Wengine wakamfuata.

"Ah, sasa tumepoa," akasema Bi Kobe.

Faru aliposikia hivyo alikasirika. Alidhani bendi yake inatukanwa, kwamba muziki umepoa kama uji uliosahauliwa mezani. Mbayuwayu, ambaye kila mwaka husafiri ng'ambo na kurudi, akamtuliza. Akamweleza kwamba huko nako wanamuziki wa jazi walikuwa wakisifu moto, mpaka wengine wakaanza kupiga kwa utulivu, na sifa ya Kiingereza, "kul", ikavuma.

"Maana yake ni hiyo hiyo, poa," akasema. "Humwita hivyo anayependeza bila kujikaza."

Faru akamgeukia Pimbi.

"Kumbe ulinichosha makusudi."

"Ndiyo, mjomba. Ningekuomba tu unipishe, ungenisikia?"

Faru akafikiri. "Nisingekusikia," akasema. "Hata tarumbeta langu mwenyewe nilikuwa silisikii."

Tangu siku ile Pimbi alipewa nyimbo zake katika kila dansi, na vijana wa ukumbini wakaanza kulitumia neno la Bi Kobe kwa kila kizuri, hata kwa salamu.

Nami nimefika mwisho wa nilichosimuliwa, na funzo lake ni hili: mwenye nguvu asiponyamaza kidogo, hatajua mdogo aliye pembeni yake anaweza nini.