Umefika Wapi?

Hebu nyoosheni mikono, mliowahi kwenda Mbeya kwa basi kutoka Dar es Salaam. Eeh, mnaijua shughuli yake! Saa kumi na nne umekaa tu, mpaka miguu inavimba ndani ya viatu. Basi sikilizeni.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja aliyekuwa anarudi kwao Mbeya baada ya miaka mitatu. Basi liliondoka alfajiri. Walipofika Chalinze, simu ikalia. Mama yake.

"Umefika wapi, baba?"

"Chalinze, mama."

"Haya, Mungu ni mwema. Njoo salama."

Morogoro, simu. Mikumi, simu. Mlima Kitonga, simu! Fundi alijua sababu: zamani baba yake alipanda basi njia hiyohiyo, hakufika. Lakini wapendwa, kujua sio kuvumilia. Abiria walikuwa wameshaanza kumtania: "Kaka, bosi wako huyo, mpe ripoti!" Akaona aibu. Walipoingia Iringa akafoka, "Iringa, mama! Kwani gari unaendesha wewe?" Akazima simu.

Jirani yake wa kiti akaguna. "Una bahati, ndugu yangu. Wangu hapigi tena."

Fundi akageukia dirishani. Akafumba macho, akalala usingizi wa pono.

Saa moja jioni akaingia nyumbani, hoi. Akamkuta mama yake amekaa mkekani, midomo imemkauka. Ugali na maharage vimefunikwa pembeni, vimepoa, havijaguswa.

"Mama! Hujala tangu asubuhi?"

"Nile vipi na wewe uko njiani? Kila mji ulionitajia nilishukuru, nikauombea unaofuata. Ulipofika Iringa ukanyamaza. Basi na mimi nikabaki Iringa. Ningekuachaje huko peke yako?"

Fundi akapiga magoti, akalia kama mtoto. "Nisamehe, mama. Nimefika."

"Asante Mungu," mama akasema, akavuta sahani. "Haya, nawa mikono tule."

Jamani! Mle ndani ya basi kondakta alihesabu abiria sitini. Alikosea. Walikuwa sitini na mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyechoka kuliko wote.

Na sisi je? Tumetoka mbali, na tunajisifu kwamba ni akili zetu na juhudi zetu. Siku ile ulipougua, ukalala wiki nzima hujitambui, nani alikuwa macho? Ulipokuwa unahangaikia kazi, nani alifunga na kuomba hata kama hukumwambia? Leo tumshukuru Mungu kwa ajili ya hao waliotuombea, tena kwa furaha. Anayepigiwa simu mpaka inamkera ni mtu anayependwa, ila hajui tu.

Ukitoka hapa mlangoni, washa simu. Kama mtu wako huyo bado yupo, mwambie, "Nimefika." Kama ametangulia, mwambie Mungu asante kwa yote aliyokuombea. Ila usimwache mtu Iringa.