Kiboko Aliyepuliza Ndoto

Paukwa!

Pakawa!

Aliye macho?

Asikie!

Aliyelala?

Tumwamshe!

Haya. Mwanahawa, ondoa kichwa begani kwa mwenzio, hadithi haijaanza.

Hapo zamani za kale, kale hasa, ndoto hazikuwa zinatoka kichwani. Zilikuwa zinashuka kutoka juu ya mti wa msufi, kando ya bwawa. Mchana, jua likiwa utosini na wanyama wote wa bwawani wamejilaza, msufi ulikuwa unaachia sufi yake polepole, polepole. Kila kipande cha sufi kilibeba ndoto moja. Kikitua usoni mwako, unaota. Swala aliota majani mabichi. Kobe aliota anakimbia.

Basi, pale bwawani alikuwepo Kiboko. Mpole, hana neno na mtu. Lakini akilala! Alikuwa akila mpaka anashindwa kutembea, kisha anajibwaga chali, mdomo wazi, tumbo juu.

Khoroo-puu! Khoroo-puu!

Ile khoroo inatikisa maji. Ile puu inapuliza sufi yote, inaivusha kilima, inakwenda kuwaangukia wasiojulikana huko. Bwawani hakuna anayeota. Wanyama wakaanza kuwa na hasira za bure. Swala akamgombeza mwanawe kwa kosa la mwaka jana. Kobe akaacha kusalimia watu.

Wakamwendea Kiboko. Swala akasema, "Bwana Kiboko, tumekuvumilia vya kutosha. Mwezi ukiandama na bado unakoroma, utahama."

"Nihame niende wapi, jamani? Jua litanipasua ngozi!"

"Hayo ni yako."

Kiboko akalia. Na kulikuwa na jambo jingine hakuwaambia. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Wenzake walikuwa wanakutana na marehemu wao ndotoni, yeye hajawahi kuota hata mara moja, maana alipuliza na ndoto zake mwenyewe. Hata sura ya mama alikuwa ameisahau. Hapo mimi humwonea huruma sana, sifichi.

Akaenda kwa Nyegere. Huyo alijiita mganga, na alijua kila kitu, akiulizwa na asipoulizwa.

"Lete mtungi wa asali," Nyegere akasema. "Lala, uweke karibu na pua. Mkoromo utanasa humo."

Kiboko akawabembeleza nyuki, akaleta, akalala. Khoroo-puu! Alipoamka, asali haipo, mkoromo upo.

Nyegere akajifuta mdomo. "Mkoromo wako umeinywa yote. Lete mitungi miwili, na nta nikuzibe pua."

Kiboko akaleta, akazibwa, akalala. Nusura afe! Mkoromo ukatokea mdomoni, mkubwa kuliko wa jana. Asali haipo.

"Sasa lete mitatu," Nyegere akasema. "Uiache hapa kwangu, wewe nenda zako."

Kiboko akaleta mitatu, akaenda zake. Akakaa ukingoni mwa bwawa, analia.

Karibu na hapo, chini ya gogo, alikuwa anaishi Bi Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba mwili mzima. Kwa sababu ya miiba ile, hakuna aliyetaka kulala karibu naye.

"Kaka Kiboko, unalia nini?"

"Dada, kesho mwezi unaandama. Nitafukuzwa."

"Pole. Mimi si mganga, lakini baba yangu alikuwa anakoroma, na mama alikuwa na njia zake. Leo umekula?"

"Bado."

"Basi kula kidogo, tena usilale hapo hapo."

Kiboko akala kidogo, akatembea tembea, akalala. Khoroo-puu! Lakini ndogo.

"Weka kichwa juu ya gogo langu."

Akaweka. Puu, puu. Ile khoroo imekwisha.

"Sasa lala ubavu."

Akalala ubavu. Kimya! Maji yakatulia. Lakini usingizi ulipokolea, mwili ukageuka wenyewe, chali. Khoroo-puu!

Bi Kalunguyeye akafikiri. Kisha akaja taratibu, akajilaza nyuma ya mgongo wa Kiboko. Kiboko akageuka.

"Aiii!"

Akarudi ubavuni. Akageuka tena. "Aiii!" Akarudi. Mara ya tatu, mgongo ukawa umejua wenyewe, ukatulia.

Kesho yake mchana, wanyama wakaja na fimbo. Kwa mbali wakasikia: Khoroo-puu! Khoroo-puu!

"Ndiye huyo! Hata aibu hana!"

Wakaufuata mkoromo. Ukawapeleka nyuma ya kichuguu. Nani? Nyegere! Kalala chali, mdomo wazi, tumbo kama ngoma, asali inamchuruzika kidevuni, na mitungi mitupu imemzunguka.

"Kumbe dawa ilikuwa inashuka tumboni kwa mganga!" Kobe akasema.

Fimbo zikapata kazi. Nyegere akakimbia, na mpaka leo anaishi peke yake shimoni.

Walipofika ukingoni, wakamkuta Kiboko amelala ubavu, kimya, na Bi Kalunguyeye mgongoni pake, naye amelala. Sufi ilikuwa inashuka. Kipande kimoja kikazunguka, kikazunguka, kikatua usoni kwa Kiboko.

Ndotoni akaja mama yake, ametoka majini, masikio yanadondosha maji.

"Mwanangu," akasema, "kila siku mchana nilikuwa nakuja. Nikifika tu, unanipuliza."

Wanyama wakaona chozi likimtoka Kiboko bila kuamka. Wakaweka fimbo chini. Wakajilaza palepale, mmoja mmoja, na sufi ikawafunika.

Bi Kalunguyeye alipoamka, alitaka kujiondokea. Kiboko akasema, "Usiondoke, dada. Hapo ni pako."

Basi wajukuu zangu, anayekusumbua usingizini hajui kama anasumbua. Mfundishe kulala kabla ya kumfukuza. Na dawa isiyouzwa msiidharau.

Mnamsikia babu yenu chumba cha pili? Mwanahawa, nenda kamgeuze, taratibu. Huenda mama yake yuko mlangoni, anasubiri.

Hadithi yangu imelala. Aliye macho?

Amesikia!

Aliyelala?

Alale ubavu!