Kopo Limejaa, Rejeta Kavu

Kaeni vizuri, wapendwa, leo nawapeleka gereji.

Kulikuwa na dereva mmoja mwenye lori la zamani, yale ya pua ndefu, yaliyotoka kiwandani bila kopo la akiba. Maji ya rejeta yakipata moto yanavimba, yanatokea kwenye mpira mdogo wa kutolea maji, yanamwagika barabarani, basi, yamekwenda. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajawasha, bwana yule alifungua mfuniko wa rejeta, akachungulia, akajazia kwa dumu. Miaka kumi na mitano! Alichoka, jamani.

Siku moja akanunua kopo jeupe la plastiki, lile ambalo maji unayaona kwa nje. Akalifunga mwenyewe kando ya rejeta, akauchomeka ule mpira, akafurahi kama aliyepata mjukuu. Akamwambia mkewe, "Mama Lusungu, dumu lile lipeleke jikoni. Sasa maji yakitoka yanaingia humu, injini ikipoa yanarudi yenyewe. Mimi na kuchungulia rejeta, basi tena!"

Wiki nzima raha mustarehe. Asubuhi analitupia kopo jicho, limejaa. Anapiga mluzi, anaondoka.

Ijumaa wakapakia viazi, lumbesa kwelikweli, magunia yamejazwa kupita midomo, mama kakaa kando yake. Na mjue, lori lile ndilo lililowalisha. Injini ikifa, nyumba nzima imelala njaa. Katikati ya mlima mama akaona mshale wa joto unapanda.

"Baba Lusungu, simama."

"Nisimame nini? Kopo limejaa pomoni!"

"Nimesema simama! Kwani linalopanda mlima ni kopo?"

Akasimama, amenuna. Wakangoja mpaka injini ikapoa, akafungua rejeta. Wapendwa, kavu! Kidole kiliingia chote na hakikugusa maji. Hebu niambieni, maji yalikuwa wapi? Yalikuwa pale pale, shibiri moja tu kutoka kwenye injini iliyokuwa inaungua.

Fundi akaja, akaugeuza ule mfuniko, akacheka. "Mzee, kopo jipya, mfuniko ule ule wa zamani! Huu unajua kutoa tu. Injini ikipoa unavuta hewa, maji unayaacha huko huko nje."

Akaweka mfuniko mwingine, unaojua kutoa na kurudisha, kitu cha kujaa kiganjani, akajaza rejeta. Injini ilikuwa haijafa, ashukuriwe Mungu na yule mama. Wakaumaliza mlima wanaimba.

Mnacheka, eeh? Mama Sanga ndiye anayecheka kuliko wote. Haya, subirini.

Sisi tumefunikwa na mfuniko gani? Sikuja kuwaambia msichemke. Mlima ni mlima, na mzigo ni mzigo. Tunachemka, tunamfokea mke, tunamtolea shemeji maneno ya ovyo. Halafu tunapoa. Tukishapoa tunasema, "Mimi sina kinyongo, yameisha." Yameisha kwa nani? Wewe umepoa, mwenzako bado amejaa maneno yako mpaka shingoni! Tunadhani kupoa ndiyo kupatana, kumbe tukipoa ndipo saa ya kurudi. Mtaniambia neno likitoka halirudi. Kweli, neno halirudi, lakini mwenye neno si ana miguu?

Na msidhani nawasema ninyi tu. Mzee Ngailo, Jumatano nilikufokea mbele ya kwaya kwa ajili ya ufunguo wa stoo, na ufunguo wenyewe ulikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Nilipoa jioni ile ile. Siku nne zimepita, nyumba yako naijua, na sikuja. Nimekosa, mzee wangu, nisamehe. Nashuka huku mimbarini nije nikushike mkono. Na ninyi wengine mnaojijua, inukeni. Kwaya itangoja.