Ngiri Alivyotaka Kuwa Mwamuzi

Hadithi inadunda!
— Idunde tuione!
Inadunda du, du, du!
— Idunde tuione!

Hapo kale wanyama walicheza mpira wa kikapu, na mwamuzi alikuwa Pimbi, kanyama kadogo kanakotosha kulala ndani ya kiatu. Pimbi akipuliza filimbi prrr! Nyati anasimama. Prrr! Twiga anasimama. Mechi ikiisha, Pimbi anapewa viazi vitamu.

Ngiri alikuwa na nguvu, alikuwa na meno marefu, na bado roho ilimuuma. "Kale kadudu kana nini nisichokuwa nacho mimi?" Wivu ukamzidi hadi viazi vyake mwenyewe vikakosa ladha.

Siku moja akamvamia Pimbi uwanjani. "Lete filimbi! Leo napuliza mimi, na viazi nakula mimi."

"Chukua, mzee. Ila sheria ya kurudi nyuma unaijua? Timu ikishavusha mpira mstari wa kati, isiurudishe. Ni mpira lakini, siyo mchezaji. Tena adui akiugusa..."

"Basi, basi! Nimeelewa. Kurudi nyuma ni kosa."

Mechi ikaanza. Swala akarudi kukaba. Prrr! "Umerudi nyuma, kosa!" Twiga akarudi hatua moja apige chafya. Prrr! "Umerudi nyuma, kosa!" Mchezo ukakwama, wanyama wakanuna.

"Mzee," Pimbi akauliza kwa adabu, "hata asiye na mpira?"

"Hata asiye na mpira!"

"Hata mwamuzi?"

"Hata mwamuzi! Akirudi nyuma, anyang'anywe filimbi!"

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!"

Pimbi akapanda jiwe. "Simba! Simba huyooo!"

Ngiri huyo, tifu tifu tifu, mpaka kwenye shimo lake pembeni mwa uwanja. Na mnajua Ngiri anavyoingia kwake. Akageuka, akatanguliza makalio, akaingia kinyumenyume.

"Prrr!" Pimbi akapuliza kwa mdomo mtupu. "Umerudi nyuma, kosa!"

Simba hakuwapo. Wanyama wengine wote walikuwapo, wanacheka. Ngiri akaitema filimbi.

Mpaka leo Ngiri akiingia shimoni, uso unabaki mlangoni. Watu husema anachungulia adui. Wapi! Anaangalia nani kashika filimbi, na roho bado inamuuma.

Funzo ni hili, wanangu: anayenyakua filimbi kwa wivu bila kusikiliza sheria, sheria humnasa mwenyewe.

Hadithi yangu imeingia kikapuni. Anayebisha, akaitoe.