Digidigi na Sindano za Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeshiba sana, eh? Paukwa!

Pakawaa!

Haya. Hapo zamani za kale Digidigi alikaa na mwanawe kando ya shamba lililoachwa. Jirani yake alikuwa Ngiri. Ngiri huyo! Akirudi matembezini, nywele za mgongo zimejaa sindano nyeusi, mbegu za kishona nguo, chakula chake cha kila siku, gugu geni lililofika kutoka mbali likiwa limeng'ang'ania mikia ya wapitao. Ukimgusa, chwi! Zimekushika nawe.

"Usisogee kwangu," Digidigi akamfokea. "Utamchoma mwanangu."

"Samahani, mama," Ngiri akasema. Akaenda shambani, akajikuna kwenye kisiki. Kwaru! Kwaru! Sindano zikaanguka. Akaenda zake.

Kiangazi kikaja. Moto ukaja. Majani yote, fyu! Yakaisha. Maziwa ya Digidigi yakakauka. Mwanawe akalia, akalia, hata sauti ikampotea.

Manyunyu yakaanguka. Pale kisikini vikachipua vijani. Digidigi akakimbia, akafungua mdomo, akasita. Jana tu Swala alikula chipukizi asilolijua, tumbo likamvimba, akafa. Na majani machanga yanafanana! Akila sumu, mtoto atabaki na nani? Asipokula, mtoto hafiki kesho.

Akatazama. Halijui. Akanusa. Halijui. Akainama hadi pua ikagusa udongo. Lo! Chipukizi limevaa kofia: ganda la mbegu, jeusi, jembamba, lenye vipembe nchani.

"Sindano ya Ngiri!" akapiga kelele. "Hiki ni kishona nguo! Na Ngiri hukila kila siku, mnene vile!"

Akala. Nyam, nyam. Maziwa yakarudi. Mtoto akanyonya, mkia ukatikisika, na mama akalia kwa furaha.

Kisha akaenda hadi kwenye shimo la Ngiri. "Ndugu yangu, nilikufukuza kwa sindano zako. Mwanangu yu hai kwa sindano hizo hizo. Ahsante. Ahsante sana."

Ngiri akaona haya. "Lakini mama, mimi nilikuwa najikuna tu."

"Basi kuanzia leo, njoo ujikune kwangu."

Watoto, nanyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: kitazameni kitu vizuri kabla ya kukiita kibaya, na aliyewafaa mshukuruni, hata kama hakukusudia. Hadithi yangu imeishia hapo, na atakayekuta sindano kwenye nguo yake asinilaumu mimi.