Boriti ya Chumba cha Mashariki

Mezani walikuwapo watu wanne. Alikuwapo Bibi Honorine Vasselin, mjane wa Gaston Vasselin, mwenye nyumba, mwanamke wa miaka themanini na sita ambaye bado alijikatia mkate wake mwenyewe. Alikuwapo Festo Semkiwa, seremala, mzaliwa wa Magila katika wilaya ya Muheza, aliyekwenda Ufaransa ujanani kutengeneza samani katika mji wa Limoges na akazeekea huko. Alikuwapo Alfreda Mhina, mke wa Festo, Mbondei mwenzake, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee mpaka alipostaafu. Na alikuwapo jirani, Lucien Barbat, fundi wa kuezeka vigae, mtu wa maneno mengi. Ilikuwa Jumapili mchana, mwezi wa Novemba, katika nyumba ya mawe iliyo shambani, nje kidogo ya kijiji cha Saint-Avrin.

Kabla hatujawasikiliza, ndugu zangu, inatupasa kuijua desturi moja ya nchi ile, maana bila hiyo hatutaelewa kilichokuwa kinamtafuna Festo. Kule mzee asiye na mtoto aweza kuuza nyumba yake huku akiendelea kukaa ndani yake. Mnunuzi hutoa kitu kidogo mwanzoni, kisha humlipa kila mwezi mpaka yule mzee afe. Desturi hiyo huitwa viager. Wenyewe hutamka viaje. Mzee akifa mapema, mnunuzi amepata nyumba kwa bei ya kutupa. Mzee akikawia, mnunuzi ataendelea kulipa. Ni jambo halali, hufanywa mbele ya mwanasheria, na watu wema wengi wamenunua hivyo. Lakini jiulizeni: mtu aliyenunua namna hiyo, akiamka asubuhi na kumsalimu mwenye nyumba, "Umeamkaje, Bibi?", moyoni mwake anataka ajibiwe nini?

Festo na Alfreda walinunua hivyo, nao walipewa sehemu kubwa ya nyumba ile, waishi humo na kuikarabati. Bibi Honorine alibaki na chumba chake cha upande wa mashariki, pamoja na haki ya kuota moto jikoni. Mkataba ulisema wazi kwamba paa lote ni juu ya mnunuzi, la chumba kile likiwemo.

Basi walipokuwa wakinywa supu, Bibi akasema, "Bwana Semkiwa, jana unga ulinimwagikia kitandani."

"Unga gani, Bibi?"

"Mwembamba, kama wa ngano. Umetoka juu. Nikaukung'uta, na leo asubuhi umerudi."

Lucien akacheka. "Mama Vasselin, hiyo ni poda. Nyumba inakupamba upate mchumba."

"Jitafutie wewe kwanza, angalau wa kukufulia hilo shati," akasema Bibi bila kuinua macho. Kisha akamgeukia Festo. "Ukimaliza kula, nenda ukatazame. Wewe ndiye fundi."

Festo hakuhitaji kutazama. Alikuwa anajua tangu msimu wa matufaha. Siku ile aliingia chumbani mwa Bibi kurekebisha dirisha, na kwa mazoea ya kazi akapanda kiti, akanyoosha mkono akaigonga boriti kuu kwa vifundo vya vidole. Mti mzima ukiugonga hukujibu kwa sauti nzito. Ule ulijibu kama debe tupu. Alishuka kwenye kiti, akamaliza dirisha, akafunga mlango. Hakumwambia mtu.

Sasa akainuka mezani, akachukua patasi, akaenda. Boriti ilipita juu ya kitanda cha Bibi, sawasawa na mahali kinapokuwa kifua cha mtu aliyelala chali. Akaisukuma patasi kwenye mti. Ikazama kama katika papai lililoiva, mpaka kwenye mpini. Wadudu walikuwa wameibungua boriti yote ndani. Nje limebaki ganda. Na juu ya ganda lile kulikuwa na kenchi, na juu ya kenchi vigae vya mawe, na baada ya vigae, msimu ukifika, theluji.

Akaichomoa patasi, akaifuta kwenye suruali. Alipofungua mlango wa jikoni, wote watatu walikuwa wanamtazama.

"Ni vumbi, Bibi," akasema. "Nyumba za kale hutoa vumbi."

"Ndivyo nilivyodhani," akasema Bibi Honorine, akamwongezea supu.

Ndugu zangu, neno hilo ni fupi, na lilikuwa na kipande cha ukweli ndani yake. Nyumba za kale hutoa vumbi. Nani angemshitaki Festo kwa sentensi ile? Lakini mle jikoni alikuwamo mtu mmoja aliyeijua sauti yake.

Alfreda alimfuata ghalani, Festo alikokwenda kutafuta kitu ambacho hakukitaja. Ghalani kulikuwa na boriti mpya ya mwaloni, nene, kavu, iliyonyooka, imelazwa juu ya vigogo.

"Umeona nini kule?" Alfreda akamuuliza kwa Kiswahili.

"Si nimesema. Vumbi."

"Baba Yusta, mimi nimeolewa na seremala. Nakijua kitoweo ulichokipenda na nakijua kilichokukwama. Ule mti umeoza?"

Festo akakaa juu ya kigogo. "Umechoka."

"Umechoka, au umeoza?"

"Sasa ulitaka nifanye nini? Mimi ndiye niliyeuweka pale? Umekuta wadudu wangu mle? Mimi sijamgusa bibi wa watu."

"Sijakuuliza kama umemgusa."

"Kazi ina utaratibu wake, Mama Yusta. Jiko halijakwisha. Ngazi zinacheza, wewe mwenyewe ulitaka kuanguka juzi. Namaliza jiko, nafanya ngazi, halafu naingia chumba cha Bibi. Kila kitu kwa zamu."

"Na boriti hii ni ya wapi?" akauliza Alfreda, akaweka mkono juu ya mwaloni.

Festo akainuka kwenye kigogo. "Ya pale itakapohitajika," akasema.

Mnaona jinsi alivyosema? Hakuinua mkono juu ya mtu. Hakutia sumu katika supu. Festo alikuwa mtu wa kusali, na kama mngemwambia kwamba anamtakia mtu kifo angewashangaa, pengine angelia. Alichofanya ni kupanga zamu. Kila kazi aliyoitanguliza ilikuwa kazi ya kweli. Jiko kweli lilivuja. Ngazi kweli zilicheza. Chumba cha mashariki kilikuwa kwenye orodha yake, hakukifuta kamwe. Kilikuwa tu mwisho.

Akaanza jiko. Na alifanya kazi nzuri, tusimnyime haki yake. Alikandika kuta kwa chokaa, akapanga mawe ya sakafu moja moja hata ukimwaga maji hayatuami. Lakini ilimjia tabia ambayo hakuwa nayo zamani. Kila asubuhi kabla hajawasha moto, alisimama kwenye korido karibu na mlango wa mashariki, akasikiliza. Alikuwa anangoja kikohozi cha Bibi. Kikohozi kikija, alikwenda zake kazini. Alijiambia kwamba anamjali mwanamke mzee. Wala hakujiuliza kwa nini, kikohozi kilipokuja, mabega yake yalishuka.

Bibi Honorine alizoea kumletea kahawa, akikaa kwenye kiti chake kumtazama akipiga randa. "Marehemu Gaston hakuwa na subira kama yako," alimwambia siku moja. "Yeye angegongelea msumari aende zake. Nimeiuza nyumba kwa mtu mwema." Festo akasema, "Asante, Bibi," na randa ikaruka, ikachimba ubao.

Kisha ikawa siku ya kutengeneza paa dogo la mbele ya jiko, mahali pa kukalia wakati wa kiangazi. Festo akamwita Lucien wasaidiane kubeba ile boriti ya mwaloni.

"Hii si ndiyo ya chumba cha mama Vasselin?" Lucien akauliza. "Wakati tunaipakia kwenye gari ulisema ni ya ndani."

"Nimebadili hesabu."

"Haya. Nyumba ni yako." Akatupa macho dirishani, akaongeza kwa utani wake, "Au itakuwa."

Festo akatoa kipimo. Akapima, akaweka alama kwa penseli. Alfreda alikuwa anatazama kutoka mlangoni na sinia la viazi mkononi. Alipoona msumeno umeshaingia kwenye mti, akageuka akarudi ndani.

Boriti ikakatwa vipande viwili. Ikapendeza sana mbele ya jiko.

Theluji ikaja baada ya Krismasi. Asubuhi ile anga ilikuwa nyeusi, imeshuka chini kabisa, kama dari ya chumba kifupi, na Alfreda akamkuta mumewe amepiga magoti kwenye ngazi.

"Watu wa redio wanasema itaanguka nzito."

"Nimesikia."

"Leo hutaweka hata nguzo moja ya kuushikilia ule mti? Moja tu, mpaka upate boriti nyingine?"

"Vimebaki vidato vitatu. Nikimaliza."

"Festo."

Mwanamke wa Kibondei wa umri wake hamwiti mumewe kwa jina. Alikuwa hajamwita hivyo tangu waoane. Festo akainua kichwa.

"Nimesema nikimaliza, Mama Yusta."

"Haya," akasema Alfreda. "Nimekusikia."

Akarudi jikoni. Theluji ikaanza kushuka, kwanza kama pamba, kisha kama mtu anayemwaga magunia. Kufikia mchana ukuta wa bustani ulikuwa hauonekani. Festo aliendelea kupiga randa, mgongo ameuelekeza koridoni. Nyumba ikawa kimya namna ambayo nyumba hunyamaza ikibebeshwa mzigo. Saa ile, kila siku baada ya chakula, Bibi Honorine hujilaza kidogo chumbani kwake. Festo alijua hivyo. Aliposikia mti unalia upande wa mashariki, mlio mwembamba, mrefu, kama bawaba kavu, alijua pia ni mti gani.

Akasimama. Randa mkononi.

Kutoka pale kwenye ngazi mpaka mlango wa chumba si mbali. Mtu mzima angefika upesi. Angeweza kupiga kelele tu: Toka. Neno moja. Mti ukalia tena. Festo alisimama kwa muda ambao mimi na wewe tungeweza kusali Baba Yetu mpaka kufika kwenye mkate wetu wa kila siku. Alitazama mlango. Miguu yake haikuwa imefungwa na mtu yeyote.

Boriti ikakatika.

Vumbi lilitoka chini ya mlango likatambaa koridoni. Festo bado amesimama. Ndipo nyuma yake mlango wa jikoni ukafunguliwa, upepo ukaingia, na Bibi Honorine Vasselin akaingia kutoka bandani kwa kuku, mayai kwenye aproni, theluji mabegani.

"Bwana Semkiwa, kimevunjika nini?" akauliza. "Mke wako amenitoa chumbani kwangu. Eti anahamisha kitanda."

Ndugu zangu, hapo tumwache Festo, tujitazame sisi.

Maana sisi tulioketi hapa, ni wangapi kati yetu wamewahi kuinua nyundo juu ya mtu? Pengine hakuna. Na kwa sababu hiyo tunalala usingizi mzuri. Lakini tunajua kupanga zamu. Mama yuko kijijini, paa linamvujia, nasi tunasema tukimaliza uzio wa kwetu. Kaka anaumwa na ameandikiwa aende hospitali kubwa, nasi tunasema baada ya harusi, huku tunajua nani atakayelima lile shamba la mpakani yeye akiondoka. Yupo mzee wa kanisa tunayeona amekikalia kiti muda mrefu. Tunaona anapotea njia, na hatumwonyi, tunamtazama tu. Hakuna aliyeua. Kila mmoja ana kazi ya kweli mkononi, na ukimuuliza atakuonyesha jinsi anavyoifanya vizuri.

Mimi nitakuuliza swali lile ambalo hakuna mwanadamu aliyemuuliza Festo: nani analala chini ya boriti ambayo wewe umeigonga, ukasikia inavyojibu, ukafunga mlango? Unamjua. Jina lake limekujia sasa hivi, nilipokuwa bado sijamaliza kusema. Usiniambie mimi. Na usidhani kwamba unajua ni nani atakayekuwa chini yake siku ikikatika. Festo alifikiri anajua. Alikuwa na uhakika kiasi cha kusimama.

Mungu hakukuonyesha mti mbovu ili uwe na siri. Alikuonyesha kwa sababu wewe ndiwe uliye na patasi, na msumeno, na mti mzima ghalani. Ondoka hapa uende kwanza huko. Uzio utangoja. Ngazi zitangoja. Mke wako, au mume wako, akikuambia jambo lile mara ya pili, usimjibu kwamba umesikia. Weka chini kilichomo mkononi.

Mnangoja niwaambie. Lucien Barbat na vijana wa zimamoto waliondoa mawe na mbao mpaka giza likaingia. Alfreda Mhina alifariki chini ya boriti ile, kabla hawajamfikia.