Ngiri na Kibuyu cha Tatu

Habari hii aliyenieleza kwanza ni wifi yangu Nyamizi, anayepika kwenye kambi ya watalii. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Akasema wageni wa kambini wana mchezo wao. Mmoja anaficha kopo kwenye mawe ya nyuma ya kambi, wengine wanalitafuta kwa kufuata simu. Wakilipata, wanaandika majina yao kwenye karatasi iliyomo ndani, wanachukua kitu kidogo, wanaacha kitu kidogo, wanalirudisha kopo palepale, kisha wanaondoka wakicheka.

"Hawaendi nalo?" nikauliza.

"Hawaendi nalo."

"Na hicho kitu kidogo ni kitu gani?"

"Gololi. Kipande cha chaki."

Nikacheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Wifi akaniambia nisicheke, mchezo huo wanyama waliuanza zamani. Akanihadithia, nami nawahadithia nyinyi. Mimi si msimulizi. Kwenye kikao cha wazazi hata jina langu nalitaja kwa kunong'ona, mpaka katibu ananiandika jina la jirani. Kwa hiyo mnisaidie kuitikia.

Nafungua!

— Fungua tuone!

Kikiwa kitupu?

— Tutakijaza wenyewe!

Hapo zamani palikuwa na Panya Buku, mama wa watoto wanne. Alichimba shimo lake chini ya kichuguu, kwa kucha zake mwenyewe, siku arobaini. Siku ya arobaini na moja akatoka kutafuta karanga. Aliporudi, akawakuta watoto wake wamekaa nje mstari mmoja, na mlangoni yametokeza meno mawili marefu yaliyopinda.

Alikuwa Ngiri. Ngiri hachimbi shimo lake, huingia palipochimbwa. Wala haingii kama wengine. Hutanguliza makalio, kinyumenyume, ili meno yake yabaki mlangoni kumtisha atakayebisha hodi.

"Hodi kwangu," akasema Buku.

"Kwako wapi?" akajibu Ngiri. "Hroo! Shimo ni la anayelijaza. Wewe kapanya ulikuwa unalichezea tu."

Buku akatazama juu. Mawingu ya masika yamejikusanya, meusi tii. Akatazama watoto. Hawajaota hata manyoya ya kutosha. Mvua ikiwakuta nje usiku, asubuhi hawaamki.

Hakulia. Akawaficha watoto chini ya majani, akaenda zake kichakani, akatema karanga zote zilizokuwa mashavuni. Akatafuta vibuyu viwili vidogo. Cha kwanza akakitia karanga tatu, akakificha. Cha pili akakitia mizizi mitatu mitamu, akakificha. Cha tatu hakukificha popote, kwa sababu hakuwa na cha tatu.

Akarudi anapita mbele ya shimo, tu-tu-tu, anahesabu hatua kwa sauti.

"Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini..."

"Hroo! Unahesabu nini?"

"Nacheza, Mzee Ngiri. Kuna vibuyu vimefichwa. Unahesabu hatua, unakipata, unakanyaga udongo ulioko pembeni kuonyesha kwamba ulifika, unachukua kimoja, unaacha kimoja, unakirudisha."

"Mchezo wa kijinga. Faida yake nini?"

"Afya, Mzee. Unapata hewa."

"Hewa ninayo humu."

"Na ndani ya vibuyu kuna chakula."

Ngiri akatoka. Pua mbele, mkia nyuma.

"Hatua ishirini hadi kwenye mgunga," akasema Buku.

"Hatua za nani?"

"Zako, Mzee. Zangu zitatufikisha mwakani."

Ngiri akaenda, hatua, hatua, hatua. Akafika kwenye mgunga. Akachimba, fuku, fuku, fuku! Akakipata kibuyu. Karanga tatu zote, kra, kra, kra!

"Mzee, sheria ni chukua kimoja, acha kimoja."

"Nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Nimeacha kibuyu."

Buku akainamisha kichwa. "Umecheza vizuri. Sasa hatua arobaini hadi kwenye jiwe jeupe."

Ngiri akaenda, hatua, hatua, hatua. Akafika kwenye jiwe. Akachimba, fuku, fuku, fuku! Mizizi mitatu yote, kra, kra, kra!

"Mzee, safari hii umeacha nini?"

"Nimeacha harufu. Cha tatu kiko wapi?"

Msimcheke sana Ngiri. Mimi nikisikia sabuni imepunguzwa bei duka la mbali, naacha ugali jikoni. Nikifika nakuta ilikuwa jana. Narudi na kiberiti nisichokihitaji, na ugali ndio ule, mweusi kama sufuria. Wifi alipofika hapa kwenye hadithi aliniangalia sana. Nikajifanya napukuchua.

"Kibuyu cha tatu ndicho kikubwa," akasema Buku. "Kimo ndani ya shimo lile kule, mwisho kabisa."

"Kina nini?"

"Sijui, Mzee. Mimi kilinishinda kukibeba."

Ngiri akasimama. Akakunja uso. "Mbona basi huingii wewe ukaanza kula?"

"Anayekifikia wa kwanza, wanyama wote watajua yeye ndiye wa kwanza. Sasa mimi panya nikutangulie wewe?"

"Usinitangulie!"

"Haya. Ila ingia kwa kichwa, Mzee, uchungulie kwanza."

"Hroo! Mimi unanifundisha kuingia shimoni? Mimi?"

Ngiri akageuka. Akatanguliza makalio, akaingia kinyumenyume. Ndani ya shimo lile alikuwa amelala Nungunungu, ambaye usiku hutembea na mchana hataki kuguswa na mtu.

Ngiri akarudi nyuma kidogo. Ndani kukasikika: cha-cha-cha-cha.

"Buku! Kibuyu kinalia kama manyanga!"

"Basi kimejaa! Sogea, Mzee!"

Akarudi nyuma tena. Cha-cha-cha-cha-cha!

"Buku, kinatetemeka!"

"Kinakuogopa! Kikalie kabisa kisikimbie!"

Ngiri akakikalia.

Chwi! Chwi! Chwi! Chwi!

"Hroooooo!"

Akatoka kama jiwe la manati, makalio yote miiba. Akapita jiwe jeupe bila kuhesabu hatua. Akapita mgunga bila kuhesabu hatua. Akafika kwenye shimo la Buku, akageuka ili aingie kinyumenyume kama kawaida yake. Unyasi mmoja mkavu ukamgusa nyuma, chwi.

"Humu nako wamo!" akapiga kelele, akaendelea kukimbia.

Mpaka leo ngiri akikimbia husimamisha mkia wima, usije ukagusa pale panapouma. Wageni wa wifi wanadhani anatafuta mtandao.

Nungunungu akatoa kichwa nje, akauliza, "Nani amenikalia?" Kisha akarudi kulala. Mvua ikaanza kuanguka, pa, pa, pa. Buku akabeba watoto wake mmoja mmoja, akawaingiza ndani, akaziba mlango kwa majani. Walilala na njaa, lakini walilala wakavu, na asubuhi waliamka wote wanne.

Nafunga!

— Funga vizuri!

Kikifunguka?

— Si sisi!

Funzo la hadithi hii, watoto, ni kwamba msiseme uongo. Mwenye kusema uongo hawezi kufika mbali. Na kweli, Buku hakufika mbali, alifika nyumbani kwake tu.

Kesho yake asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda kwenye mawe ya nyuma ya kambi, kule wifi alikosema. Nilihesabu hatua. Hesabu ikanipotea mara mbili, nikaanza upya. Chini ya jiwe moja nikakuta kikopo, na ndani yake karatasi iliyokunjwa na unga kidogo wa kahawia. Nikatoa kalamu, nikaandika jina langu, la baba na la babu, kwa mwandiko wa kuunganisha, pamoja na tarehe. Nikachota kidogo ule unga uliokuwamo, nikanyofoa kifungo cha gauni langu nikakiacha. Nikanusa. Nikapiga chafya saba, mtoto akapiga tatu, na mlinzi wa geti akauliza kwa mbali ni nani yuko kwenye ugoro wake. Nilikirudisha kikopo palepale, kama sheria inavyosema, nikaenda nyumbani nimeshika gauni kifuani.